Kabla Ziwa Halijawa Starehe

Baharia wa Mrima au wa Unguja, aliyelelewa kwa kusi na kaskazi, akija Musoma mara ya kwanza na kusimama juu ya majabali ya rasi ile akitazama maji yasiyoonyesha mwisho, hudhani kwamba amefika katika bahari nyingine ya namna ile ile aijuayo. Lakini siku moja haipiti kabla hajatambua kuwa ilimu yake ya pepo, ambayo kwao humtosha mwaka mzima, huku haimfai kitu. Bahari ya Hindi hubadili upepo wake mara mbili kwa mwaka. Ziwa hili hubadili wake mara mbili kwa siku. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa iliyopoa huteremka kutoka vilima vya bara, kutoka Butiama na Bumangi na nyanda zilizo nyuma yake, hata ikifika alfajiri upepo wa matlai, yaani wa upande wa macheo, huwa unavuma wazi kutoka pwani kwenda majini. Jua likipanda na nchi ikishika moto mambo hugeuka: karibu na adhuhuri pana shwari, na baada ya hapo upepo huanza kutoka magharibi, kwanza kwa adabu, kisha kwa nguvu, ukirudisha pwani kila kitu, mawimbi na magugu na vyombo.

Kwa wakazi wa ukingo huu wa mashariki taratibu hiyo ilikuwa kalenda na saa kwa pamoja. Mwenye safari ya kisiwani aliondoka kabla ya jua akiwa na upepo mgongoni, akafika kungali na ubaridi, na kwa kuwa kurudi dhidi ya matlai ni kujitesa, na kurudi wakati wa shwari ni kuuchosha mkono bure, alikuwa hana budi kungoja huko mpaka upepo wa alasiri uje kumchukua. Saa zile za kungoja, chini ya mti au kivulini mwa jabali, samaki wakiokwa, watoto wakioga, wazee wakiulizana habari za ng'ambo, ndizo siku za ufukweni za kwanza katika nchi ya Mara, na hakuna aliyepata kuzihesabu kuwa starehe. Zilikuwa sehemu ya kazi. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya jinsi furaha hiyo iliyofichika ndani ya haja ilivyokuja kutengwa na haja, ikapewa jina na bei yake, ilhali haja yenyewe ikawaondokea watu wa mjini na kubaki kwa watu wa visiwa.

Ziwa Nyanza, au Viktoria kama alivyoliita msafiri Mwingereza Speke baada ya kuliona kutoka upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji yake yamelala mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika ukubwa huo sehemu ya Mara ni kipande cha pembeni tu, lakini ni kipande kilichochanikachanika ajabu. Kaskazini mwa mji wa Musoma pana ghuba ambamo mto Mara humwaga maji yake, na ng'ambo ya ghuba hiyo pana Kinesi. Magharibi, mbali na pwani, kimekaa kisiwa cha Rukuba. Ukiifuata pwani kwenda kusini unaupita mlima wa Majita, ambao tangu kale umekuwa alama ya manahodha kwa kuwa huonekana kutoka mbali kabla ya kitu kingine chochote; kisha maji huingia ndani tena, na baada yake rasi ndefu ya Kibara na Kisorya, katika nchi ya Bunda, hujinyoosha kama mkono unaotaka kukishika kisiwa cha Ukerewe, ukakosa kwa mlango mwembamba wa maji. Kusini ya rasi hiyo ndiyo Ghuba ya Speke, na kisiwa cha Nafuba kimo humo. Ukara na Irugwa viko nje zaidi.

Butiama haina habari hii ya maji, na sharti niseme wazi jambo hilo, kwa sababu waandishi wengi huichanganya mikoa yote ya ziwa kana kwamba kila mtu wake alizaliwa ndani ya mtumbwi. Wazanaki ni watu wa vilima na majabali, wakulima na wafugaji, na ziwa kwao lilikuwa upeo wa macho. Waliolimiliki kwa kazi ni Wajita, Wakwaya na Waruri wa pwani, Wakerewe na Wakara wa visiwani, na Wajaluo walioshuka kutoka kaskazini wakiambaa pwani. Lakini nchi ya vilima na nchi ya maji zilihitajiana: nafaka ilikwenda chini, samaki mkavu alipanda juu, na majembe ya chuma yaliyofuliwa Uzinza yalivushwa ziwani yakabadilishwa mkono kwa mkono mpaka mashamba ya mbali ambayo wenye kuyalima hawakupata kumwona mfuaji.

Vyombo vya safari hizo vinastahili kukaliwa kidogo. Penye miti minene palichongwa mitumbwi ya gogo moja, lakini chombo cha heshima katika ziwa hili kilikuwa kile cha kushonwa, chenye gogo la chini lililochongwa kuwa mkuku na mbao za ubavuni zilizounganishwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja, matundu yake yakakalafatiwa kwa nyuzi vivyo hivyo. Msomaji wa Lamu atakumbuka mtepe wa babu zake, na ni jambo la kufikiriwa kwamba watu wawili wasiojuana, mmoja ukingoni mwa bahari na mwingine katikati ya bara, waliifikia hekima ile ile ya kushona mbao. Chombo hicho hakikuwa na tanga. Kilikwenda kwa kafi, wapiga kafi wakikaa wawili wawili na kuimba ili mikono iende pamoja, na daima palikuwa na mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kufua maji, maana chombo cha kushonwa huvuja, na aliyekiunda hakuona haya kwa hilo.

Ufukwe wenyewe ulikuwa na mipaka yake. Pale mitumbwi ilipopandishwa na nyavu zilipoanikwa palikuwa mahali pa wanaume. Penginepo, kando kidogo, wanawake waliteka maji na kuoga. Na baina ya sehemu hizo palikuwa na mamba na viboko, ambao hawakuweka mipaka na mtu. Mtu hakuingia majini kwa kucheza ila pale alipojua ni salama, na Wakerewe na Wahaya walimtaja Mugasha, mwenye ziwa, kwa uangalifu uleule ambao mtu wa pwani ya bahari humtajia jini wa mwamba. Asiyejua dhoruba za ziwa hili, zinazozuka katika muda wa kuvuta pumzi na kuyafanya maji mafupi yapandane yakikosa nafasi ya kulala, asiwacheke.

Tanga lililetwa na wageni. Katika miaka ya 1870 Waswahili na Waarabu wa njia ya Tabora walikuwa wamekwisha kufika Kageye, pwani ya kusini ya ziwa, na Ukerewe, na mmoja wao, Songoro, alishughulika na kuunda jahazi huko Ukerewe kwa ajili ya biashara ya ng'ambo. Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageye katika mashua yake Lady Alice, iliyokuwa imebebwa vipande vipande na wapagazi kutoka Bagamoyo, akaupita ukingo huu wote kutoka Ukerewe na Majita kwenda kaskazini, akalizunguka ziwa zima, akarejea Kageye mwezi wa Mei. Mwenyewe ameeleza kwamba alipowaita watu wake wajitolee kuingia mashuani pakawa kimya, ikambidi awachague. Hao walikuwa watu wa pwani, waliozaliwa wakiyaona maji ya chumvi, na woga wao haunishangazi: walikuwa wamelisikia ziwa lile kwa masimulizi ya wenyeji, nao walikuwa na akili ya kutosha kuwasadiki wenyeji kuliko bwana wao. Desemba 1877 Songoro, pamoja na Waingereza wawili wa misheni ya CMS, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi na mtemi Lukonge, na jahazi lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoanzisha ugomvi huo. Walakini mfano wa tanga la pwani ulikuwa umekwisha kuonekana, na mambo yakionekana hayafichiki.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, na bandari ya Kisumu ikawa mlango. Meli za moshi Winifred na Sybil ziliingizwa majini katika miaka ya kwanza ya karne, baada ya kuletwa kwa mafungu kutoka Uingereza na kuunganishwa papo hapo. Na pembeni yake majahazi ya wafanyabiashara wa Kihindi, mkubwa wao akiwa Alidina Visram, yalibeba ngozi, samli, karanga na ufuta kutoka kila hori ambayo meli haikuona faida kuiingia. Wajerumani, ambao mpaka wao ulipita katikati ya maji, walikaa Shirati kabla Musoma haijapata umaarufu wake, na huko Shirati walifungua kambi ya wagonjwa wa malale, maradhi yaliyokuwa yameangamiza watu wengi wa visiwa na pwani za upande wa Uganda tangu mwanzo wa karne. Katika miaka hiyo ufukwe ulikuwa neno la hofu. Mbung'o alikaa vichakani kando ya maji, na serikali upande wa Uganda ilifikia kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka visiwani. Anayetandika mkeka leo juu ya mchanga wa ziwa hili anakaa mahali ambapo babu zake walikatazwa kukaa.

Vita Vikuu vya kwanza vilipofika, Novemba 1914, ile Sybil ilipiga mwamba ikabidi ipandishwe pwani ya Majita, upande wa Wajerumani. Ikakaa pale mpaka mwaka uliofuata, Waingereza walipokuja kuinasua wakaipeleka Kisumu. Nadhani hapakuwa na tamasha kubwa kuliko hilo katika nchi ya Wajita kwa miaka mingi: meli nzima ya chuma, imelala mchangani, na mabwana wawili wakiigombania.

Zama za Waingereza ndizo zilizoifanya Musoma kuwa mji wa meli. Meli zililizunguka ziwa kwa ratiba, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell na kurudi, na watu wenye nafasi, masetla wa Kenya na maofisa waliokuwa likizoni, walikata tikiti ya mzunguko mzima bila ya kuwa na shughuli katika bandari yoyote. Hao, kwa kadiri nijuavyo, ndio watu wa kwanza kusafiri katika maji ya Mara kwa sababu ya kusafiri tu. Walikaa viti vya juu, wakaandaliwa meza zenye vitambaa, wakaviangalia visiwa vikipita. Chini yao, juu ya sitaha, alikuwako abiria wa daraja la mwisho pamoja na kuku wake, mikungu ya ndizi, masanduku ya bati na watoto waliolala juu ya magunia; naye, ingawa hakuna kijitabu cha tangazo kilichomtaja, hakuwa na furaha ndogo. Usiku wa sitaha, mtu akiwa amejifunika shuka na nyota ziko wazi, ulizaa masimulizi, urafiki na ndoa. Sioni sababu ya kumwita yule wa juu mtalii na huyu wa chini mzigo.

Haja nazo zilikuwa nyingi. Dhahabu ilichimbwa Buhemba na Kiabakari, na mitambo yake ilihitaji bandari. Wamishenari wa Kimenoni walifika Shirati mwaka 1934. Mwaka huohuo mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliletwa katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, akawa akiliona kila siku lile ziwa ambalo kwao lilikuwa upeo wa macho. Alipokwisha kufaulu alipelekwa Tabora, na njia ya mwanafunzi wa Musoma aendaye Tabora siku zile ilikuwa ni meli mpaka Mwanza, kisha reli, iliyokuwa imefika Mwanza mwaka 1928. Kizazi kizima cha wasomi wa Mara kilianza elimu yake ya juu kwa kutapika juu ya sitaha katika Ghuba ya Speke, na wengi wao baadaye walisimulia kisa hicho kwa fahari kuliko vyeti.

Miaka ya uhuru ilikuja na maji. Mvua za mwaka 1961 na 1962 zililipandisha ziwa, na kufikia 1964 kina kilikuwa kimezidi kwa zaidi ya mita mbili, magati yakamezwa, mashamba ya kandokando yakageuka matete, na fukwe zilizojulikana kwa majina zikatoweka. Meli Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa fahari ya ziwa; na katikati ya muongo huo zikaja Umoja na Uhuru, meli za kubebea mabehewa, zilizoifanya Musoma kupokea mabehewa ya reli hali mji wenyewe haujawahi kuwa na reli ya kwenda popote. Jambo hili wageni huliona kichekesho. Wenyeji waliliona dalili kwamba reli iko njiani, na katika ngojeo hilo wengi wamezeeka.

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, meli zikagawanywa, na mzunguko wa zamani wa bandari tano ukafa. Lakini kilichoiua safari ya majini Musoma zaidi ya siasa ni barabara. Lami kutoka Mwanza ilipita Bunda, ikaufanya mji huo, uliokaa karibu na Ghuba ya Speke na lango la Ndabaka la Serengeti, kuwa kituo cha malori na mabasi. Na mto Mara, ambao hapo kale ulivukwa kwa pantoni pale Kirumi, ukapata daraja. Safari ya kwenda Mwanza iliyohitaji usiku mzima wa meli ikawa ya saa chache. Hapo ndipo mkaazi wa Musoma alipoacha kulitazama ziwa kama njia, na mtu akiacha kukitumia kitu kama njia, huanza kukitumia kama mandhari. Hoteli zilijengwa Makoko na kandokando ya rasi, viti vikapangwa kuelekea machweo, na siku za Idi, Krismasi na Pasaka vijana wakaanza kuujaza mchanga. Hata mitumbwi ya kafi ikapata kazi mpya: kampuni ya bia ikadhamini mashindano ya mbio za mitumbwi, na mikono iliyokuwa ikivusha nafaka ikapiga makafi kwa ajili ya zawadi.

Mambo hayo yalikwenda sambamba na mageuzi mengine yasiyoonekana kutoka kwenye kiti cha hoteli. Sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipoenea katika miaka ya 1980 aliwala furu wa aina nyingi wasionekane tena, na akaleta viwanda vya minofu na fedha za ng'ambo. Mialo, ambayo ilikuwa mahali pa jamaa kuvuta kokoro huku wakiimba, ikageuka kuwa masoko yenye mizani na magari ya barafu. Kokoro likapigwa marufuku, na kwa haki, maana liliokota na mayai. Lakini pamoja nalo ziliondoka zile alasiri ambazo kijiji kizima, wageni wakiwamo, kilishika kamba moja. Usiku bado karabai na taa za siku hizi huwaka majini kwa ajili ya dagaa, zikiwa nyingi hata mgeni aliyeko Makoko hudhani anaona mji ng'ambo. Na kichocho hakijaondoka katika maji yanayotuama penye matete, ingawa waoneshao picha za fukwe hawakiandiki.

Rukuba, kilichomo katika kata ya Etaro, ndicho kisiwa ambacho mgeni wa Musoma huambiwa akione: kenge wakubwa juu ya mawe, fisi-maji, ndege wa kila rangi, na maji safi kuliko ya mjini. Ni kweli yote. Ni kweli pia kwamba watu wanaishi pale, wana shule na wagonjwa, na kwamba mashua inayompeleka mgeni kwa siku moja ni ya jamii ileile inayompeleka mwalimu kazini. Injini imewaondolea watu wa leo utumwa wa matlai, lakini haikuyalainisha mawimbi ya alasiri.

Wenye kudhani kwamba safari ya ziwa imekwisha kuwa burudani tu wamezisahau tarehe mbili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya watu. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kilichopewa jina la yule mtoto wa Butiama, MV Nyerere, kilipinduka kikikaribia gati la Ukara kikitoka Bugolora, watu 228, wengi wao wakiwa wanatoka mnadani, wakafa mbele ya macho ya jamaa zao waliokuwa wakiwangoja ufukweni. Ukara ni kisiwa ambacho watu wake, kwa wingi wao na uchache wa ardhi, walizoea tangu zamani kulima kila kipande kwa samadi ya ng'ombe waliofungwa nyumbani, na waliozidi kuhamia bara kwa maji. Safari kwao haikuwa na hiari hata siku moja. Miaka miwili baadaye, Mei 2020, ziwa lilipanda tena likapita kiwango cha 1964, na sehemu ya zile hoteli za ufukweni ikaona mchanga wake ukiingia majini, nazo kambi za wavuvi zikahama kwa mara nyingine.

Pale Kisorya, mwisho wa barabara ya kutoka Bunda, magari hupanga foleni kungoja kivuko cha Rugezi, na katika foleni moja utamkuta mtalii anayetaka kuiona Ukerewe, bibi harusi na ndugu zake, lori la saruji na mwenye duka aliyetoka kununua bidhaa. Mtalii hupanda juu penye upepo apige picha. Mwenye duka hukaa karibu na mizigo yake, na kabla ya kukaa huuliza maboya yako wapi. Nauli ya mlango huo wa maji ni ndogo, na wote wawili huilipa kwenye dirisha moja.